Wauguzi wa Diff wafunzwe Diff

Novemba 2014, abiria 28 walipouawa ndani ya basi karibu na Mandera, wahudumu wengi wa afya kutoka kaunti nyingine waliihama kaskazini mashariki mwa Kenya. Pengo kama hilo huumiza zaidi miji ya mpakani kama Diff, huko Wajir Kusini. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina matawi Garissa na Wajir, lakini mwanafunzi akizoea hospitali kubwa pekee, zahanati itamtisha. Apelekwe Diff mapema, awe na msimamizi na makazi salama, ajifunze kumhudumia mama mwenye uchungu usiku, ambulensi ikiwa mbali. Na binti wa mfugaji wa huko apewe nafasi ya kwanza chuoni: mama huyo atamweleza kwa Kisomali mambo asiyoweza kumwambia mkalimani.