Kipande cha Zamani na Daftari la Kompyuta

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay. Imepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni wasiweze kufika.)



Tumeombwa kusema habari ya mashine hizi zinazotaka vidole vyetu, namba zetu na siri za nyumbani kwetu, na kama yafaa tuziamini. Swali hili halikutoka kwa wakubwa wa chama. Limeletwa na wanachama wenyewe, hasa wa hospitali, na wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba na simu za kazi. Wanasema watu wamekuwa wagumu wa kujibu. Ukifika mlangoni na simu ile, mama wa nyumba anauliza, "Haya unayoandika yanakwenda wapi?" Na sisi tunaoandika hatujui la kumjibu.

Tuanze mbali kidogo, maana wako vijana hapa ambao kwao kipande ni kipande cha mkate tu.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya vita haikutumiwa mpaka vita vilipokwisha, miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, kazi aliyofanya, mshahara aliolipwa, na sahihi ya bwana aliyemwandika na aliyemwachisha. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikopo cha chuma, kikavaliwa shingoni. Bwana asipotia sahihi ya kukuachilia, huwezi kuandikwa mahali pengine. Ukiondoka bila sahihi, wewe ni mtoro, na vidole vyako vyakutafuta.

Angalieni sana jambo hili. Kazi kubwa ya kipande haikuwa kumjua mtu. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asiache kazi mbaya. Na ule mshahara wa zamani ulioandikwa ndani ulimwambia bwana mpya asizidishe. Ndiyo sababu sisi watu wa vyama vya wafanya kazi hatuwezi kusikia neno "kuandikishwa" tukakaa kimya bila kuuliza.

Watu wa Nyanza walipokutana Lundha mwaka 1921, katika mkutano ulioitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema, kipande kilikuwa mojawapo ya manung'uniko yao pamoja na kodi. Kule Nairobi Harry Thuku alisema hayo hayo. Akakamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda kumdai wakapigwa risasi. Kipande hakikufutwa mpaka mwaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo pakatokea jambo la kuchekesha. Wazungu walipoambiwa nao watie vidole katika wino, walipiga kelele kwamba ni aibu kubwa. Basi wakatafutiwa njia nyingine: ajuaye kuandika atoe picha na sahihi. Miaka karibu 30 ya vidole vyetu haikuonekana kuwa aibu.

Na mwezi wa Aprili 1954, askari walipozingira Nairobi katika ile Operation Anvil, watu walichambuliwa kwa makaratasi yao, huyu huku na yule kule, na viongozi wengi wa vyama vya wafanya kazi wakachukuliwa kizuizini. Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, alikuwa mwandishi mkuu wa shirikisho la vyama siku zile. Alibaki na ofisi zisizo na watu.

Sasa tuje nyumbani.

Kila mtu hapa anajua ugonjwa uliotuzika. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay ilikuwa ya kwanza katika Kenya nzima, watu karibu 20 katika kila 100 wa makamo wakiwa na virusi vya ukimwi, na Migori ilikuwa katika nne za juu. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 2001 madaktari wa shirika la MSF walianza kutoa dawa za ARV bure katika hospitali ya Homa Bay, wakati ambapo sehemu nyingi za nchi dawa hizo zilikuwa za matajiri. Watu wakaja. Ni nani aliyewaleta? Hakuna askari aliyewaleta. Walikuja kwa sababu waliamini kwamba jina lao litabaki katika faili, na faili katika kabati, na ufunguo kwa mtu mmoja. Hata leo twawajua watu wa Ndhiwa wanaopanda pikipiki mpaka Rongo, na wa Rongo wanaokwenda Ndhiwa, wakilipa nauli ya bure kabisa, ili wasionwe na jirani kwenye benchi.

Basi tarehe 23 Februari 1915—tusameheni, twasema 2015, tumekaa sana na kipande—Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, alitoa amri kwa makamishna wa kaunti zote. Wakusanye, pamoja na wakubwa wa elimu na wa matibabu, habari za watoto wote wa shule wenye virusi, na habari za walezi wao, na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Ikatengenezwa orodha yenye nafasi ya kuandika jina la mtu pembeni ya hali yake.

Ndugu, amri ile isingetimizwa na kamishna peke yake. Kamishna hajui mtoto gani anameza dawa. Anayejua ni muuguzi, ni karani wa faili, ni mwalimu wa darasa. Ni sisi. Amri yoyote ya namna hii, hata ikitoka Ikulu, mwisho wake huishia katika mkono wa mfanya kazi wa mshahara mdogo anayeogopa barua ya kuachishwa kazi. Na hapo ndipo chama kinapoingia.

Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema kwamba amri ile ilivunja Katiba, kifungu cha 31 kinacholinda siri za mtu, na kwamba haikuangalia faida ya mtoto. Ikaamuru majina yatengwe na habari za ugonjwa yasijulikane. Sisi twauliza swali la mfanya kazi tu: ikiwa Serikali ilitaka kujua idadi ya dawa za kununua, hesabu haikutosha? Majina yalikuwa ya nini?

Kuna habari nyingine fupi inayofaa kutajwa. Katika miaka ile ile palikuwa na mpango wa uchunguzi wa ukimwi wa kuchukua alama za vidole za watu wanaodharauliwa, wakiwamo wanawake wanaouza miili. Wao wenyewe walikutana, wakakataa wote, na mpango wa vidole ukaachwa. Hao hawana chama kilichoandikishwa wala ofisi yenye bendera. Tuone haya kidogo.

Kisha ikaja Huduma Namba. Mnamo Aprili na Mei 2019 tulipanga foleni mbele ya machifu, Serikali ikisema kwamba asiye na namba hatapata huduma, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kusema mwanzoni mwa Aprili kwamba mtu asilazimishwe. Wakaandikwa watu zaidi ya milioni 35. Sheria yenyewe iliruhusu kuchukua hata DNA, yaani alama iliyo katika damu na mate, na kupima mahali nyumba ya mtu ilipo. Tarehe 30 Januari 2020 mahakama ikafuta mambo hayo mawili, ikasema kazi isiendelee mpaka ziwepo kanuni za kutosha. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila kupima kwanza hatari kwa siri za watu, kama sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu ilivyotaka. Mabilioni ya fedha yalikwisha kutumika. Wangapi hapa walipata kadi? Na wangapi waliwahi kuitumia? Twaona mnacheka.

Lakini jambo la mwaka 2025 halichekeshi. Tarehe 7 Juni mwalimu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao, hapa hapa kaunti ya Homa Bay, kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa katika intaneti juu ya mkubwa mmoja wa polisi. Akasafirishwa mpaka Nairobi, akafa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema kwamba alijigonga ukutani. Madaktari waliopasua maiti wakasema majeraha yale hayakuwa ya mtu kujigonga. Baadaye polisi kadhaa na wengine walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana. Hilo ni la mahakama. Sisi twaona moja tu. Kutoka kwenye maneno ya simu mpaka kwenye mlango wa nyumba ya baba yake, njia ilikuwa fupi sana. Wazazi wengi wa Nyanza tangu siku ile wamewaambia watoto wao wafute walichoandika. Hiyo ndiyo hali ya imani kwa sasa, na hakuna tangazo la redio litakaloirudisha.

Na hata kama Serikali yetu ingekuwa ya malaika, daftari la kompyuta halikai mahali pamoja. Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi mapatano ya afya ya miaka mitano, na katika siku chache Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya kupeleka habari za wagonjwa nje. Mama wa Ndhiwa aliyelipa nauli ili asionwe na jirani, aliulizwa lini habari za Marekani?

Wako watakaosema kwamba chama kinapinga maendeleo. Sivyo. Wafanya kazi hewa wapo, na wanakula mshahara wa walio hai. Mashine ikiwafichua tutaishukuru. Tena wote hapa mnatumia M-Pesa tangu mwaka 2007, na mvuvi wa Mbita asiyemwamini hata shemeji yake huiachia fedha zake. Kwa nini? Kwa sababu ukituma, papo hapo ujumbe unakuja: umetuma kiasi gani, kwa nani, saa ngapi, na kimebaki kiasi gani. Ikikosea, unajua wa kumpigia. Sasa jiulizeni: mtu anapochukua kidole chako ofisini, anakupa ujumbe gani? Aliyefungua faili lako usiku wa manane, umeambiwa? Kwa bima mpya ya afya tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kwenye hati ya mshahara tunaiona kila senti iliyokatwa. Siri zetu zinakatwa bila hati.

Kwa hiyo twataka risiti. Kila anayechukua kidole, picha au habari ya ugonjwa aseme kwa maandishi ni ya kazi gani, itawekwa muda gani, na nani ataiona. Sheria ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuambiwa hayo, ya kuonyeshwa yaliyoandikwa juu yake, na kusahihishiwa yaliyo makosa. Akikataliwa apeleke malalamiko kwa Kamishna wa kulinda habari hizo. Na mwanachama akiamriwa kutoa majina ya wagonjwa, aombe amri hiyo kwa maandishi, yenye jina la mkubwa aliyeitoa, kisha alete nakala kwa chama kabla hajaitimiza. Mara nyingi mkubwa akiombwa sahihi amri hupotea.

Tusimalize kabla ya kusema makosa yetu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alilazwa, nasi kwa nia njema tukatuma jina lake na ugonjwa wake katika kikundi chetu cha WhatsApp ili watu wachange. Fedha zilipatikana. Lakini kabla ya jioni habari ilikwisha kufika kijijini kwao, na kwa wakwe zake, ambao hakuwa amewaambia. Alipopona alirudi kazini lakini mkutanoni hajarudi. Hakuna kamishna aliyefanya hivyo, wala Mmarekani. Vivyo hivyo, orodha ya wanachama tunayompelekea mwajiri ili ada ikatwe, nakala zake zimekuwa zikilala mezani, kila apitaye aone. Kamati imekubali kwamba kuanzia sasa mchango utatangazwa kwa jina tu, tena mwenyewe akikubali, na orodha zitafungiwa na mweka hazina.

Liko jambo moja mbele yetu leo. Mwajiri mmoja ametuandikia kwamba ataweka mashine ya vidole mlangoni kuhesabu zamu, na asiyetia kidole atahesabiwa kuwa hakuja. Kamati haikukataa mashine. Imeandika barua yenye maswali manne: vidole vitawekwa wapi, kampuni gani itavishika, mtu akiacha kazi vitafutwa lini, na yule ambaye vidole vyake vimelika kwa jembe au kwa dawa za kufulia, hata mashine isivisome, atapigaje zamu. Mwandishi ataisoma barua hiyo baada ya chai. Asiyekubaliana na neno lolote aseme kabla haijapelekwa, maana sahihi zitakazotiwa chini yake ni zetu sote.