Ngazi Inayomtenga Muuguzi na Mtoto



Nitaanza na hesabu. Chukueni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ana gramu 1,200. Tuseme siku yake ya kwanza tunampa mililita 80 za maziwa kwa kila kilo. Ni mililita 96 kwa siku nzima. Ukizigawa kwa milo ya kila saa mbili unapata mililita 8, hazijai vijiko viwili vya chai. Mtoto huyo hawezi kunyonya. Muuguzi anapima sondi, mrija wa kulishia, kuanzia puani hadi sikioni, kutoka sikioni hadi chini ya kidari, anaipitisha, anahakikisha imefika tumboni na si mapafuni, kisha anayaacha maziwa yateremke yenyewe bila kuyasukuma. Mkono uliozoea unatumia kama dakika 10. Watoto kumi ni dakika 100. Kati ya mlo na mlo kuna dakika 120. Kwa hiyo zimebaki 20 za kupima joto, kubadilisha nepi, kuchoma dawa, kuandika kwenye fishi, kumjibu mama anayeuliza kama mtoto wake ataishi, na kumsugua nyayo yule aliyesahau kupumua. Halafu mzunguko unaanza upya, hadi kupambazuke.

Nimeweka muuguzi mmoja kwa watoto kumi. Anayefanya kazi ya usiku katika mkoa huu wa Tanganyika ataona kwamba sikutia chumvi. Huenda atasema nimepunguza.

Mtu akisikia uangalizi maalum wa watoto wachanga huwazia picha za Ulaya: mashine za kupumulisha, skrini zinazolia, daktari mmoja kwa vitanda vichache. Katika hospitali nyingi za Kongo ya mashariki huduma hiyo ni chumba chenye joto, kuvezi moja au mbili za kuwapasha watoto joto, mashine ya kutengeneza oksijeni, taa ya buluu kama ipo, na mtu. Kuvezi inahitaji umeme. Umeme wa Kalemie unatoka kwenye mtambo wa maji wa Bendera, na kila mkazi wa mji huu ana habari zake za siku ulipokatika. Umeme ukikatika, anabaki yule mtu. Ndiyo maana sikuja kuzungumzia mashine. Nimekuja kuzungumzia maisha yake: alisomea nini, anapandaje cheo, anakula nini, anarudi kwa nani.

Hoja yangu ni moja. Ujuzi wa kumweka hai mtoto mdogo namna hiyo umo mikononi mwa muuguzi, lakini ngazi yetu ya vyeo imejengwa hivi kwamba akitaka kupanda, sharti aondoke kando ya mtoto.

Kwanza niwaonyeshe kwamba huo ni ujuzi, si huruma tu, maana huruma ndiyo sifa tunayowapa wauguzi tukiwa hatutaki kuwapa kitu kingine. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, alikuwapo muuguzi aliyeitwa Jean Ward, aliyesimamia wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Siku za jua aliwatoa nje uani. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto mwenye manjano: ngozi iliyopigwa na jua ilikuwa imepoa rangi, na pale palipofunikwa na pembe ya shuka palibaki manjano matupu. Kutokana na jambo hilo madaktari walianza kuchunguza mwanga, na mwaka 1958 Cremer na wenzake wawili wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Taa za buluu za kutibu manjano tunazozisubiri hadi leo zimetoka katika macho ya muuguzi aliyekuwa akiwatazama watoto hao kila siku. Jina la Ward halimo miongoni mwa waandishi wa makala ile.

Oksijeni nayo. Katika miaka ya 1940 na 1950 Ulaya na Marekani ziliwapa watoto njiti oksijeni nyingi bila kipimo, na maelfu wakawa vipofu. Ikipungua mtoto anafa, ikizidi macho yanaharibika. Anayesimama kati ya hatari hizo mbili ni mtu anayeitazama midomo ya mtoto na kipimo cha mguuni, kisha anageuza kitufe kidogo tu. Kazi hiyo haifundishwi kwa semina ya siku tatu.

Tena kuna kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Jambo hilo lilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na daktari Edgar Rey Sanabria, kuvezi zilipokuwa chache na watoto wakilazwa wawili au watatu pamoja. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza, walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na wale waliosubirishwa asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake. Nawasikia wasimamizi wa fedha wakishangilia: basi kitenge kinatosha! La. Katika utafiti ule mama alilazwa ndani ya wodi ileile ya watoto mahututi, ana kitanda chake, na muuguzi yuko karibu. Mwanamke wa kwetu amezoea kumfunga mtoto mgongoni. Kumhamishia kifuani usiku na mchana, huku sondi ikining'inia na yeye mwenyewe ana mshono wa upasuaji, si jambo la kuambiwa mara moja. Lazima awepo wa kumwonyesha, na pengine wa kumwomba bibi au baba apokee zamu. Wauguzi wengi katika mkoa wetu ni wanaume. Jaribuni kuwaza kijana wa miaka 25 akimweleza mama wa makamo afungue kifua chake. Wapo wanaofanya hivyo kwa adabu ambayo sijaona kitabu kinachoifundisha.

Sasa tuje kwenye ngazi. Wanafunzi wangu wanaijua kwa herufi: A2 ni wa shule ya sekondari ya uuguzi, A1 amepita ISTM, taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, A0 ameongeza miaka. Mfumo mpya wa shahada, LMD, umebadilisha majina, lakini watu bado wanahesabu hivyo. Hakuna herufi hata moja inayosema: huyu anajua watoto wachanga. Basi A1 hodari anakaa na watoto njiti miaka miwili, mikono yake inakomaa, halafu inatokea mojawapo ya haya. Anahamishwa kwenda upasuaji, kwa sababu ratiba ya kupokezana wodi inamwona kila muuguzi kuwa sawa na mwingine. Au anateuliwa kuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya kijijini, na hapo kweli amepanda, maana ana nyumba na muhuri. Au anaingia ofisi kuu ya zona ya afya, anakuwa msimamizi mwenye pikipiki na ripoti. Au shirika la kigeni linamchukua. Tangu vita vya Watwa na Wabantu vilipojaza kambi za wakimbizi wa ndani kuuzunguka mji huu, hasa mwaka 2017, mashirika yamekuja na kuondoka, na kila moja lilitafuta wauguzi walewale wazuri. Silaumu. Shirika linalipa kila mwezi. Ila mradi una mwisho wake, na anayerudi hospitalini anakuta nafasi yake imejazwa.

Serikali nayo ina mlango wake, matrikule, namba ya mtumishi wa serikali. Kuna wauguzi wanaofanya kazi miaka bila namba hiyo, hivyo bila mshahara wa serikali, wakiishi kwa sehemu ya pesa za wagonjwa hospitali inazowagawia. Hapo ndipo maisha ya binafsi yanapoingia wodini. Muuguzi ambaye mapato yake yanategemea familia za wagonjwa kulipa anamlea mtoto atakayelazwa wiki sita, mtoto wa mvuvi ambaye msimu huu hapati kitu. Anamdai baba huku akimhurumia mtoto, usiku uleule. Asubuhi anafungua duka dogo la dawa barabarani, au anapeleka ndagala sokoni, au anauza vitenge kwa mkopo. Tusiseme hana wito. Ana watoto wa kusomesha.

Tena baadhi ya wauguzi hao ni akina mama. Kanuni yetu ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya wiki 14, na akirudi kazini ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ili anyonyeshe. Rudini kwenye hesabu yangu ya mwanzo. Akitoka nusu saa kumnyonyesha wake, watoto watatu wa wenzake wamekosa mlo. Sheria imempa haki, wodi haina wa kumpokea. Basi anakamua maziwa ya mama wengine huku ya kwake yanaloanisha blauzi. Nyumbani mume anauliza kwa nini zamu ya usiku haishi, na mama mkwe ana maoni yake. Jirani anagonga mlango na mtoto mwenye homa wakati ndio kwanza amelala. Kukataa hawezi, mtaa mzima unamjua.

Nimewasikia watu wakisema kwamba hali hii ni ya Kongo tu. Watafiti waliokaa katika wodi za watoto wachanga za hospitali za Nairobi waliona kazi nyingi muhimu zikirukwa, si kwa uzembe, kwa kukosa mikono. Wauguzi wakagawa kimyakimya ulishaji na usafi kwa akina mama na wanafunzi, wao wakabaki na sindano na dharura. Ni busara ya anayezama. Lakini mama aliyeachiwa sondi bila kufundishwa amepewa mzigo usio wake.

Majirani zetu wa Rwanda walijaribu njia nyingine. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Rwanda kilianzisha shahada ya uzamili ya uuguzi yenye matawi, na uuguzi wa watoto wachanga ni mojawapo. Sisi hatuna haja ya kuanzia kwenye uzamili. Tuna sheria ya Julai 2016 iliyounda Oda ya Wauguzi; Oda inaweza kuutambua ubingwa huu. Hospitali zinaweza kuacha kumhamisha aliyefundishwa, angalau miaka mitano, na kumwongezea pirime (posho) yake akiwa palepale, awe na cheo cha juu bila kukabidhiwa pikipiki. Najua kuna watakaosema upendeleo. Fundi wa reli wa SNCC anayejua injini hapelekwi kuuza tiketi ili apande cheo, na hakuna anayemwonea wivu.

Chuo chetu nacho kina sehemu yake: kozi ya mwaka mmoja kwa A1 walioko kazini, wakisoma wiki moja kwa mwezi ili wodi zisibaki tupu. Mtihani wake usifanyike katika ukumbi huu. Ufanyike wodini, usiku wa manane, mtahini awe muuguzi mwenye miaka mingi na watoto njiti hata kama ni A2, naye alipwe kwa kiwango kilekile ninacholipwa mimi.