Safari za Kwanza za Mtoto
Kabla ya harusi na sherehe, mtoto aende kliniki: wiki 6, 10 na 14. Chanjo ni bure katika vituo vya serikali. Aliyezaliwa nyumbani apelekwe mara moja. Beba kijitabu cha mama na mtoto.

Kwenye matatu, usimfunike uso kwa leso, anahitaji hewa. Sokoni au kanisani, asibebwe na kila mtu, hasa mwenye kikohozi. Njiani mwimbie, ongea naye. Wiki ya 8 hivi, atatabasamu ukimtazama.

Akifika miezi 4 na shingo haijakaza, au hashtuki kwa kelele, usikubali kuambiwa “atakua tu”. Mwone muuguzi mapema. Akina baba, nanyi mje.