NABII AMOSI NA JUBILEI YETU
(Mazungumzo ya katekista mbele ya wakristu, wakati wa matayarisho ya jubilei)



Baba Paroko aliniomba niwaelezee nabii mmoja wa Agano la Kale, ili tujitayarishe kwa jubilei ya miaka 50 ya parokia yetu. Nimemchagua Amosi. Anahesabiwa kati ya manabii wadogo 12, si kwa kuwa neno lake ni dogo, bali kwa kuwa kitabu chake ni kifupi: sura 9 tu. Tena hakuwa kuhani wala mwana wa nabii. Alikuwa mchungaji wa Tekoa, karibu na Betlehemu, na mtunzaji wa mikuyu. Mungu alimtoa nyuma ya kundi, akamtuma katika ufalme wa Israeli wakati wa mfalme Yeroboamu wa pili, miaka 760 hivi kabla ya Kristu.

Nchi ile ilikuwa na amani na mali. Wakubwa walilalia vitanda vya pembe za ndovu, na hekalu la Beteli lilijaa sadaka na nyimbo. Lakini sokoni maskini walipunjwa. Katika sura ya 8 Amosi anaitaja hila yenyewe: wauzaji wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanauza makapi pamoja na ngano, na wanaona sabato inachelewa kwisha. Kwa hiyo Mungu anatangaza katika sura ya 5 kwamba anazichukia sikukuu zao. Anachotaka ni haki isiyokatika, kama mto usiokauka wakati wa kiangazi. Kuhani Amasia akamfukuza Amosi arudi kwao Yuda.

Sisi wa Lubumbashi tumesikia sauti za namna hiyo. Mwaka 1976 Askofu Mkuu wetu Eugène Kabanga aliandika barua ya kichungaji, «Je suis un homme», maana yake «Mimi ni mtu», akikemea kiu ya mali na rushwa wakati wengi waliogopa kusema. Tarehe 31 Januari 2023, huko Kinshasa, Papa Fransisko aliwaambia wenye nguvu wa dunia kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa. Na hata leo wachimbaji wa mkono wa shaba na kobalti wananung'unikia mizani ya wanunuzi.

Maneno hayo tunayapigia makofi, sababu yanawapata wengine. Lakini tuangalie jinsi Amosi alivyohubiri. Alianza kwa makosa ya Damasko, ya Gaza na ya Tiro. Nadhani watu wa Israeli walifurahi. Kisha akawageukia wao wenyewe.

Mimi pia alinigeukia. Jioni moja nilirudi nyumbani kutoka kufundisha wakatekumeni sura ile ya 8. Mlangoni niliikuta meka ambayo mama watoto hupimia unga wa mahindi sokoni. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo, kikaingia ndani. Nilikwisha kuiona mara nyingi. Siku ile ndipo nilipoitazama. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole: «Baba, meka za wenzangu ziko vilevile. Na mafaranga ya masomo ya watoto, ulifikiri yalitoka wapi?» Sikuwa na jibu, maana nami nilikula faida ile. Tulinyamaza siku mbili. Siku ya tatu tulinunua meka mpya. Siwadanganyi: faida ilipungua, na mtoto wetu mmoja alikaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa malipo.

Ndugu wakristu, kwa nini tukubali hasara hiyo? Kwa sababu ya Kristu. Amosi alilia kwamba mwenye haki anauzwa kwa fedha. Nasi tunamjua Mwenye Haki aliyeuzwa kwa vipande 30. Sura ile ile ya 8, inayosema juu ya mizani ya uongo, inatangaza pia jua kutua saa sita ya mchana. Na Mtakatifu Ireneo aliona humo giza la Kalvari. Basi anayempunja mama mjane kikombe kimoja cha unga, anampunja Yezu mwenyewe, aliyesema kwamba lile tunalomtendea mdogo tunamtendea yeye.

Tena, fungueni kitabu cha Walawi, sura ya 25, palipo sheria ya jubilei. Pamoja na kuwaacha huru watumwa na kurudisha mashamba, Mungu anaagiza watu wasidanganyane katika kuuza na kununua. Kumbe jubilei bila kipimo cha haki si jubilei.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Siku ya Misa kuu tutaleta matoleo kwa shangwe na ngoma. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja ageuze meka yake na kutazama kitako: mwuzaji sokoni, karani ofisini, mwalimu darasani, hata sisi wakatekista. Mimi na mama watoto tutaibeba meka yetu katika maandamano ya matoleo, ikiwa imejaa unga. Atakaye, na ailete yake tuzipeleke pamoja altareni.

Mungu awabariki.