DAWA ZA KILA MWEZI, PAMBA YA MARA MOJA KWA MWAKA

(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Leo hatusemi habari za mbolea. Tunasema habari za wenzetu wenye presha na kisukari, maana dawa zao zina matatizo na sisi tunatazama tu.

Magonjwa haya si kama malaria, unameza dawa siku tatu, basi, kwisha. Presha haina kwisha, na tena haiumi. Kipimo kinasoma 180 kwa 110, na mwenyewe anapalilia tangu alfajiri, anasema mimi mzima. Akipewa vidonge kipimo kinashuka, anasema nimepona, anaacha. Hajapona huyo. Kilichoshusha ni kile kidonge. Akikiacha inapanda tena, na siku moja mshipa unapasuka kichwani, tunambeba kwa machela upande mmoja umekufa. Halafu tunaanza kuulizana nani kamloga!

Wengine wanashindwa na dawa zenyewe. Ipo ya presha inayokojoza. Mama anayepanda basi kwenda mnadani anairuka siku hiyo, na hatuwezi kumcheka. Ipo nyingine huwavimbisha watu miguu. Mambo hayo aelezwe mganga wa zahanati, anaweza kubadili dawa au saa ya kuimeza. Ukinyamaza ukaificha chini ya kitanda, yeye ataandika kwamba unameza.

Tena kuna maandishi. Pakiti imeandikwa 1 x 2. Sisi tuliosoma kisomo ukubwani tulifundishwa kwamba hiyo jibu lake ni mbili, na wapo wanaomeza mbili kwa mpigo. Maana yake ni kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usipoelewa, uliza kabla hujatoka dirishani.

Sasa fedha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya kudumu wanaofuata dawa kama walivyoelekezwa. Sembuse sisi. Dawa huisha kila mwezi, pamba tunauza mara moja kwa mwaka. Mara kadhaa tumefika zahanati tukaambiwa dawa hakuna, kanunueni mjini. Nauli ya kwenda na kurudi inaizidi bei ya vidonge. Basi bibi anakata kidonge nusu, au anaruka siku ili vifike mwisho wa mwezi, maana mjukuu naye anataka daftari. Akienda kupima anagombezwa kwamba ni mkaidi, kumbe kapiga hesabu.

Kwa hiyo tawi linaleta ombi. Mwanachama mwenye mgonjwa nyumbani, akipenda mwenyewe, akatwe kwenye mizani fedha za dawa za mwaka mzima. Ziwekwe kwa jina lake, zisiguswe kwa harusi wala kwa matanga. Kila mwezi mtu mmoja aende mjini kwa zamu na vyeti vya wote, badala ya watu kumi kulipa nauli kumi. Kupima hatumtumi mtu, kila mgonjwa aende mwenyewe kwa tarehe yake, maana dozi hubadilika.

Wamo watakaosema ushirika si hospitali. Ndugu zangu, dawa ya kunyunyizia pamba tunakopeshana kila msimu na tunakatana bila ugomvi. Ya mdudu tunaiweza, ya mwenye shamba ndiyo itushinde?

Karani ataandikisha majina ghalani Jumamosi asubuhi. Njoo na daftari lako la kliniki. Anayeona haya kutaja ugonjwa wake mbele za watu, amfuate karani nyumbani kwake jioni.