Jike Mzee Anapokojoa Damu: Kizazi Kichunguzwe Kabla ya Kibofu Kulaumiwa

Mkojo wa sungura una soko. Nchini Kenya wafugaji huukinga chini ya vizimba, huuweka kwenye madumu, kisha huuchanganya na maji na kuunyunyizia sukuma wiki na nyanya kama mbolea ya majani na dawa ya kufukuza wadudu. Hata hivyo, wanaoutazama mkojo huo kila asubuhi ni nadra kuuona kama dalili ya ugonjwa, na sababu yao inaeleweka. Jike wa kuzalisha akipunguza uzazi huchinjwa au huuzwa, mara nyingi kabla umri haujasogea. Magonjwa ya uzeeni hayamkuti.

Yanamkuta wa mjini. Alinunuliwa kama zawadi ya mtoto, akapewa jina, akahamia barazani au kwenye kibanda cha uani, na hakuna tena anayemfikiria kisu. Sungura wa namna hii akitunzwa vizuri hufika miaka 8, wengine hata 12. Mada hii inamhusu huyo: jike aliyevuka miaka minne, hajatolewa kizazi, na ghafla ameanza kukojoa nje ya trei yake, au mkojo umebadilika rangi, au manyoya ya nyuma hayakauki. Msimamo wa mada ni mmoja: kwa jike wa aina hiyo, kizazi ndicho mshukiwa wa kwanza, na kibofu kisipewe dawa mpaka kizazi kimechunguzwa.

Ianze rangi, maana ndiyo inayowatisha watu. Mkojo wa sungura mzima unaweza kuwa wa njano iliyofifia, wa chungwa, wa kahawia au mwekundu kabisa, kutokana na rangi asilia za mwilini na za majani aliyokula. Unaweza pia kuwa na utusitusi. Sungura hafyonzi kalsiamu kwa kipimo cha mahitaji kama wanyama wengine. Huchukua nyingi kutoka kwenye chakula, kisha figo huitoa ziada. Kiasi cha asilimia 45 hadi 60 ya kalsiamu hiyo hupita kwenye mkojo, wakati kwa wanyama wengi wanyonyeshao haifiki asilimia 2. Ndiyo maana tone likikauka kwenye sakafu ya saruji huacha unga mweupe kama chokaa. Unga huo peke yake si ugonjwa.

Kutofautisha rangi na damu hakuhitaji maabara kubwa. Mfugaji aondoe nyasi kwenye trei, aiache tupu au atandike kitambaa cheupe, kisha asubiri. Rangi ya kawaida huenea sawasawa kwenye mkojo wote. Damu ya kizazi huja kwa namna yake: mkojo unaanza ukiwa safi, na mwishoni linatoka tone jekundu au kibonge kidogo cha damu iliyoganda, kimekaa peke yake pembeni ya kidimbwi. Mwenye shaka atumbukize kijiti cha kupimia mkojo, kile kile kinachotumika zahanati kwa binadamu. Sehemu ya damu ikibadilika rangi, damu ipo. Rangi za majani haziibadilishi.

Na hapa pana jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa. Sungura hapati hedhi. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, saa kama 10 hivi baadaye, kwa hiyo hana mzunguko wa kumwaga damu kama binti wa nyumbani. Jike asiyekutana na dume na bado anatoa damu ana tatizo, hata kama anakula karoti kwa furaha.

Kwa nini basi damu ya kizazi ionekane kwenye mkojo? Jibu liko kwenye maumbile. Jike ana pembe mbili za kizazi zilizotengana, kila moja na mlango wake, na zote zinafunguka kwenye uke mrefu ambao njia ya mkojo pia huingia humo. Damu hutuama ukeni, na mkojo unapopita huisomba. Mwenye sungura anaona mkojo wa damu; anahitimisha kuwa kibofu kinaumwa.

Sayansi ya jambo hili ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya 1930 na 1940, Harry Greene wa Taasisi ya Rockefeller nchini Marekani alichunguza uvimbe wa kizazi katika makundi ya sungura wa utafiti na kuufuatilia hadi unaposambaa mwilini. Mwaka 1964 ikachapishwa ripoti ya kundi jingine, la Taasisi ya Phipps mjini Philadelphia. Takwimu zinazonukuliwa mpaka leo kutokana na kazi za aina hiyo zinasema saratani ya kizazi ilikuwepo kwa majike kama asilimia 4 wakiwa na miaka 2 hadi 3, na kwa karibu asilimia 80 walipofika miaka 5 hadi 6. Hayo yalikuwa makundi ya koo chache, na si halali kuibeba asilimia 80 nzima nzima na kumbandika kila sungura wa Dar es Salaam au Nairobi. Lakini mwelekeo haubishaniwi: umri unavyopanda, hatari inapanda nao, awe amezaa au hajawahi kuzaa.

Saratani si peke yake. Ukuta wa kizazi unaweza kunenepa na kuota vivimbe visivyo saratani, kizazi kinaweza kujaa usaha au maji, na mishipa ya damu ndani yake inaweza kutuna na kupasuka. Jike mwenye tatizo hilo la mishipa ndiye anayetoa damu nyingi kwa mara moja, na hasubiri Jumatatu. Kuna dalili ndogo ambayo wengi huiruka: chuchu. Matiti yaliyovimba, yanayotoa majimaji ya kahawia, mara nyingi huambatana na kizazi kibovu. Mkono ukipita tumboni upite na kwenye chuchu.

Sasa tazama kinachotokea mitaani. Mama anabeba picha kwenye simu hadi duka la dawa za mifugo. Muuzaji anaitazama sekunde tatu. “Mama, hiyo ni UTI. Mpe hii siku tano.” Anachompa ni amoxicillin, kwa sababu ndiyo inayouzwa kila siku. Kwa sungura, amoxicillin na jamii nzima ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo, wabaya wakachukua nafasi na kumwaga sumu. Lincomycin na clindamycin ni hivyo hivyo. Mnyama anaharisha na kufa ndani ya siku chache, na lawama inaishia kwa ile “UTI”. Zipo dawa anazozivumilia, kama enrofloxacin na zile za mchanganyiko wa trimethoprim na salfa, lakini hizo nazo haziyeyushi uvimbe. Kibaya zaidi, damu ya kizazi ina tabia ya kuja na kukatika yenyewe. Ikikatika siku ya tatu ya dawa, kila mtu anaamini dawa imefanya kazi, na miezi minne inapotea.

Daktari wa mifugo ana njia safi ya kukata mzizi wa fitina. Anachukua mkojo moja kwa moja kutoka kwenye kibofu kwa sindano nyembamba kupitia tumboni, akiongozwa na ultrasaundi, na kuulinganisha na ule uliotoka kwa njia ya kawaida. Wa kibofuni ukiwa safi na wa nje una damu, kibofu kimeshinda kesi. Ultrasaundi hiyo hiyo inaonyesha unene wa pembe za kizazi. Eksirei ya tumbo inaonyesha mawe na tope la kalsiamu, ambavyo kwa sungura hung'aa waziwazi, na eksirei ya kifua ifanywe siku hiyo hiyo kwa sababu saratani ya kizazi hupenda kukimbilia mapafuni.

Wapo wanaokojoa vibaya kwa sababu nyingine, na haki yao isipotee. Jike mwenye maumivu ya mgongo au magoti hawezi kuinua mkia na kujikunyata inavyopaswa, hivyo mkojo unamrudia miguuni. Mnene naye hali hiyo hiyo. Kuna kimelea kinachoitwa Encephalitozoon cuniculi, kinachoshambulia figo na ubongo. Anayekibeba anaweza kuvuja mkojo, kulegea miguu ya nyuma au kupinda shingo. Hutibiwa kwa fenbendazole kwa siku 28, chini ya daktari, si kwa kukadiria chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Na jike anayerusha mkojo ukutani akiwa mzima kabisa anaweza kuwa anatangaza mipaka yake tu, kazi ya homoni. Tope la kalsiamu hupunguzwa kwa hei ya nyasi, kwa mfano Boma Rhodes, badala ya lusini na peleti za kumwaga, na maji kwenye bakuli zito, maana kwenye bakuli hunywa zaidi kuliko kwenye chupa ya kuning'iniza. Anayejikaza bila kutoa kitu ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Uvimbe wa kizazi unapothibitika na mapafu ni safi, tiba ni kisu: ovari na pembe zote mbili zitolewe. Hofu ya ganzi ina msingi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2008 ulikuta vifo vinavyohusiana na ganzi na dawa za usingizi vya asilimia 1.39 kwa sungura wote, na 0.73 kwa waliokuwa na afya njema, wakati mbwa walikuwa 0.17. Lakini hatari hiyo ipimwe dhidi ya uvimbe usiorudi nyuma. Vyuo vya Sokoine kule Morogoro na Nairobi pale Kabete hufundisha madaktari wa wanyama, ila si kila daktari amezoea sungura, na mwenye mnyama ana haki ya kuuliza. Swali moja linatosha kumpima: je, alale na njaa kabla ya upasuaji? Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama ni balaa. Daktari akijibu kwamba asile tangu jioni, shukuru, chukua kapu, tafuta mwingine.

Kabla na baada ya hapo, kazi kubwa iko nyumbani. Manyoya yenye mkojo huchoma ngozi na kuita nzi wa kijani, ambao mayai yao huanguliwa kwa muda usiozidi siku moja kwenye joto la pwani. Nyuma pakaguliwe asubuhi na jioni, manyoya yapunguzwe, sehemu iliyolowa tu ioshwe kwa maji ya vuguvugu na ikaushwe hadi kwenye shina la unywele. Kumtumbukiza mzima kwenye beseni ni kumtia mshtuko. Ukingo wa trei ukatwe chini ili magoti mazee yavuke.

Akirudi kutoka kwenye upasuaji awekwe mahali tulivu, apewe dawa ya maumivu kama meloxicam kwa kipimo cha daktari, na awekewe hei na majani mabichi puani mara tu anapoamka. Vinyesi vihesabiwe. Asipokula wala kutoa kinyesi ndani ya saa 12, arudishwe. Vipande vya kizazi vipelekwe maabara vikatajwe jina, na kama ni saratani, kifua kipigwe eksirei tena baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi mitatu hadi sita kwa mwaka mmoja au miwili.