Ridhaa ya Mzazi na Faragha ya Mtoto Mtandaoni: Wajibu wa Shule Binafsi na Biashara Ndogo za Mlangali

1. Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya wamiliki wa shule binafsi, steshenari, studio za picha na biashara nyingine za Mlangali, wilayani Ludewa, pamoja na wenzao wa Njombe na Makambako, ambao kila siku hupokea, hutunza au husambaza taarifa za watoto kwa simu na kompyuta. Inaeleza kwa ufupi matakwa ya sheria, kisha inachambua kikwazo kikubwa kuliko vyote katika utekelezaji wake, yaani upatikanaji wa ridhaa ya kweli ya mzazi au mlezi.

2. Ufafanuzi wa dhana

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Taarifa binafsi ni taarifa yoyote inayomtambulisha mtu, kama vile jina, picha, makazi au matokeo ya mtihani, na kuchakata ni kuikusanya, kuihifadhi, kuituma au kuichapisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla, na mhusika anapokuwa mtoto, ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi wake. Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.

3. Tatizo la ridhaa

Bila kukusudia kuilaumu taasisi yoyote, ni lazima isemwe wazi kwamba sehemu kubwa ya ridhaa zinazotunzwa katika mafaili si ridhaa. Utaratibu uliozoeleka ni kuingiza sentensi moja katika fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule, katikati ya orodha ya sare, godoro na ada, ambapo mzazi husaini mara moja mambo yote kwa pamoja, naye akijua kwamba asiposaini mtoto hapokelewi. Saini ya namna hiyo haiwezi kuitwa hiari, na haimwambii mzazi kwamba picha ya mwanawe, pamoja na jina lake na darasa lake, itabandikwa Facebook na Instagram kuwavutia wateja wapya, au itasambazwa katika kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu asiowafahamu.

Ugumu wa pili unatokana na simu yenyewe. Programu nyingi huthibitisha ridhaa kwa kutuma namba ya siri kwenye simu ya mzazi, lakini katika kaya nyingi za vijijini simu ni moja, laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mzazi, na anayeishika jioni ni mtoto. Namba ya uthibitisho humfikia mtoto yuleyule aliyepaswa kulindwa, naye huiingiza, na kumbukumbu za kampuni huonyesha kwamba mzazi amekubali.

Ugumu wa tatu, ambao kwa Njombe ndio mzito zaidi, unahusu nani hasa ni mlezi. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022/2023 uliutaja Njombe kuwa mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, yaani asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na wapo watoto wengi waliofiwa na wazazi wanaolelewa na bibi, shangazi au mjomba bila hati yoyote ya ulezi. Biashara inayotaka saini ya mzazi peke yake huwatenga watoto hao, na inayokubali saini ya yeyote aliyemleta mtoto huwaacha bila ulinzi. Isitoshe, picha ya mtoto iliyoandikwa chini yake kwamba ni yatima aliyelipiwa ada inaweza kuifichua historia ya afya ya familia nzima, na ikishasambaa hakuna awezaye kuirudisha. Inasikitisha kwamba jambo hili huchukuliwa kuwa tangazo la wema.

Nchi nyingine zimelipitia tatizo hilihili. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1998 inayowahusu watoto walio chini ya miaka 13, inataka ridhaa ya mzazi inayoweza kuthibitishwa, na mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza madai ya kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa hiyo. Njia za uthibitishaji zinazotumika huko, kama vile kadi ya benki, hazimfai mkulima wa viazi wa Mlangali asiye na kadi. Mfano wa karibu zaidi ni wa Kenya, ambako Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Aliyeadhibiwa hapo alikuwa mwenye shule, si kampuni kubwa ya ng'ambo.

4. Mapendekezo

1. Fomu ya ridhaa itenganishwe na fomu ya kujiunga, iwe ya Kiswahili chepesi, na kila matumizi yawe na nafasi yake ya kukubali au kukataa.
2. Mtoto asinyimwe huduma kwa sababu mzazi amekataa picha.
3. Ridhaa ichukuliwe ana kwa ana, siku ya kikao cha wazazi, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi.
4. Mlezi asiye na hati athibitishwe kwa barua ya serikali ya kijiji.
5. Namba ya siri inayotumwa kwa simu isitegemewe peke yake.
6. Picha za mahafali zichapishwe bila majina, na hali ya uyatima au ufadhili isitajwe kamwe.
7. Steshenari zifute nakala za vyeti na fomu za wanafunzi mara kazi inapokwisha.
8. Kila mkusanyaji wa taarifa ajisajili kwenye Tume na ateue mtu wa kupokea malalamiko ya wazazi.
9. Mzazi anayeondoa ridhaa yake asikilizwe bila kuulizwa sababu.
10. Tume iandae kielelezo cha fomu ya ridhaa kwa biashara ndogo na kukifikisha hadi ngazi ya kata.
11. Inasisitizwa tena kwamba saini iliyochanganywa na ada na sare isihesabiwe kuwa ridhaa.

5. Hitimisho

Kuitekeleza sheria hii hakuhitaji mitambo ya gharama, kwa kuwa mengi ya yaliyopendekezwa yanahitaji karatasi, muda wa kikao na heshima kwa mzazi. Kila mmiliki wa biashara anaombwa aufungue ukurasa wake wa mtandaoni, aondoe picha ya kila mtoto ambaye mzazi au mlezi wake hakuulizwa, na aanze upya kwa kuuliza.